Machozi ya Saa Nne

Mkahawa wa Chungu Kimoja, nyuma ya stesheni ya treni ya Luoyang, hufungua milango saa tano. Saa nne wafanyakazi wanakuwa wamekwisha kupanga mistari nje, aproni zimenyooshwa, nywele zimefungwa, wanapiga makofi na kuitikia. Wapita njia hawageuzi hata shingo. Mtaa ule kila mkahawa una gwaride lake la asubuhi, na vinyozi nao wana lao, na duka la miwani juzi limeanza.

Wakimaliza kuitikia, alikuwa akitoka mbele Bian Suhe, mkuu wa wahudumu, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba sinia tangu ujanani. Alisimama wima akasimulia hadithi ya mama yake. Hakupandisha sauti, hakukunja uso. Akifika mahali fulani, chozi lilimdondoka jicho moja, kisha la pili, wala hakuyafuta. Hapo wasichana wapya waliotoka vijijini jana yake walianza kuvuta kamasi. Wapishi, ambao kwa mambo ya moyo hawana maana kabisa, walitazama viatu vyao.

Sasa nisikilize, maana watu wakisikia habari hizi hukimbilia kucheka. Chungu Kimoja si mahali pabaya. Wanauza mchuzi wa mifupa ya kondoo unaochemkia katikati ya meza, na mchuzi wenyewe ni wa kawaida, nimeunywa. Kinacholeta watu ni huduma. Ukiingia na mtoto, kuna mtu atambeba ili wewe ule kwa raha. Ukikohoa, utaletewa tangawizi ya moto kabla hujaomba. Kampuni inaliita jambo hilo maadili, na maadili yenyewe ni matatu, yameandikwa kwa rangi nyekundu ukutani jikoni: Mgeni ni ndugu. Mwenzako ni damu. Mzazi ni mbingu. Hakuna faini pale wala matusi. Ukivunja sahani hukatwi mshahara. Utaulizwa tu, mbele ya wenzako, kwa upole wote wa dunia, moyo wako ulikuwa wapi. Waliowahi kuulizwa wanasema heri wangekatwa mshahara.

Huduma kwa mgeni inaonekana kwa macho. Kumpenda mzazi utakupima vipi, nawe mzazi wako yuko milimani na wewe uko mjini unafuta meza? Kampuni ikaona dawa ni kusimulia. Kila mtu ana hadithi ya mzazi wake, na mwenye hadithi inayogusa hupanda cheo. Ya Suhe ilikuwa ya mbao za jeneza.

Kwao wilayani Songxian, milimani, mtu akishapata wajukuu hujiwekea mbao za jeneza lake mapema. Mama yake alikuwa na mbao za mwerezi, nzito, alizoachiwa na baba yake mzazi, zimelazwa ghalani na mahindi yamewekwa juu. Suhe alipofeli mtihani wa mwisho wa shule, mama akaziuza ili binti arudie mwaka. Siku wanunuzi walipokuja kuzibeba mvua ilinyesha, na mama akasema: "Mimi nitalala popote. Wewe ndiye utakayeamka." Hapo ndipo chozi lilipodondoka. Kisha Suhe akafeli tena, akaja Luoyang kuosha vyombo, na sasa kila sahani anayomwekea mgeni mezani anaiweka kwa heshima ya mbao zile.

Mwaka mmoja kampuni ilileta wazazi wote kwa basi, wakalishwa, wakainamiwa. Mama yake Suhe akakaa mstari wa mbele na koti lake la sikukuu, akaisikiliza hadithi yake mwenyewe mpaka mwisho. Jioni, stesheni ya mabasi, akamwambia bintiye:

"Suhe, mbao zile niliziuza kakako apate mahari."

"Najua, mama."

"Na mvua haikunyesha. Mwaka ule ukame ulitutoa roho."

"Najua. Mvua aliiweka meneja wa zamani."

"Na yale ya kulala na kuamka?"

"Ni yake pia."

Mama akafikiri. "Ana akili huyo. Angekuwa mganga angetajirika." Akapanda ngazi ya basi, akageuka. "Simulia tu, mwanangu, kama inakulisha. Mimi hainiharibii usingizi."

Basi Suhe akaendelea kusimulia, na la ajabu ni kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Mdomo ulisema uongo, macho yakalia kweli, na yeye hakujisumbua kuuliza ni kwa nini. Mtu mwenye meza zake za kuhudumia hana nafasi ya kuuliza mambo hayo.

Mama alifariki mwezi wa kumi, ngano ikiwa imepandwa tu. Alianguka jikoni asubuhi, hakumsumbua mtu.

Suhe alifika jioni, akavishwa kitambaa cheupe kichwani, akapiga magoti mbele ya jeneza. Kwao binti hulia kwa sauti. Ndiye anayefungua kilio. Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kule milimani ni hivyo hivyo. Shangazi zake wakakaa nyuma yake wakisubiri, vitambaa mkononi tayari. Suhe akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kifuani mlikuwa na utulivu mkavu, kama jikoni baada ya kufunga. Mpiga zumari akarudia wimbo wake mara ya pili, akamtazama kakake Suhe, Sugang, kuuliza afanyeje.

"Mjini wanawakausha," shangazi mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika.

Aliyeokoa ile aibu ni Xinmiao, binti wa Suhe, miaka kumi na sita. Alitoka nyuma ya ukumbi akajitupa chini akilia "Bibi! Bibi yangu we!" mpaka majirani wakaingia uani kumshika. Xinmiao alilelewa na bibi tangu alipoachishwa ziwa. Baba yake alikwenda kusini kutafuta kazi akapata na mke mwingine. Mama yake alikuja sikukuu ya mwaka mpya, na si kila mwaka, maana sikukuu ndipo mkahawa unapojaa.

Kesho yake Meneja Dou wa Chungu Kimoja akaja na basi dogo la wafanyakazi, saa nne nzima za kona na mashimo. Dou alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mwenye moyo mwema kweli kweli, wa kukutumia supu ukiugua. Wakapanga mstari mbele ya jeneza, wakainama mara tatu kwa pamoja, wakasema "Mzazi ni mbingu!" Kijiji kizima kikashangaa. Sugang akajisikia kama waziri. Dou akaomba kusaidia kubeba jeneza, akabeba, na matope yakamharibia suruali mpaka magotini.

Suhe aliwatazama wenzake wakiinama, akahisi mashavu yake yanapanda. Alikuwa anatabasamu. Ni lile tabasamu la mlangoni, la kukaribisha mgeni, lilikuja lenyewe tu. Akajifunika uso kwa kitambaa cheupe na watu wakadhani hatimaye amelia. Xinmiao peke yake, aliyekuwa amepiga magoti ubavuni mwake, aliliona.

Mazishi yalipokwisha, mke wa Sugang akasema wazi, akikausha mabakuli: "Wifi, mimi sina ubaya na mtoto. Ila nyumba yangu si bweni."

Suhe hakumlaumu. Xinmiao alikuwa akisoma shule ya bweni mjini Songxian, na kila Jumapili alirudi kwa bibi. Sasa Jumapili angerudi wapi? Suhe aliliwaza jambo hilo ndani ya basi la kurudi Luoyang, akiwaza kwa utaratibu, kama mtu anayepanga meza. Kampuni ilikuwa inafungua tawi Songxian baada ya mwaka mpya. Meneja wa tawi hupewa nyumba. Nyumba ikiwa karibu na shule, mtoto ana pa kurudi, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu amzae, angekaa na binti yake chini ya paa moja. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani. Hiki nacho alikitaka bila joto, lakini alikitaka.

"Jina lako liko juu kabisa," Meneja Dou alimwambia. "Huduma, umepita. Wenzako, wanakupenda. Limebaki la tatu tu. Bi Luan anakuja kukusikiliza."

Bi Luan alikuwa mkaguzi wa maadili kutoka makao makuu, mama mnene wa sauti laini, mwenye mkoba wa kitambaa alioushona mwenyewe. Akasimama pembeni ya mistari saa nne, mikono nyuma. Suhe akatoka mbele akasimulia. Mbao, ghala, mvua. "Mimi nitalala popote. Wewe ndiye utakayeamka." Akanyamaza kidogo hapo, kama siku zote, akisubiri. Barabarani pikipiki ikapita. Msichana mmoja akakohoa. Macho yake yalikuwa makavu kama sahani zilizofutwa. Akaendelea mpaka mwisho, akainama, watu wakapiga makofi ya adabu.

Bi Luan akamshika mkono, akamvuta chini ya ngazi. "Dada Bian, pole sana na msiba. Nilisikia habari zako, watu wananiambia ukisimulia hata mbwa hulia. Leo nimesikia maneno tu. Moyo wako uko wapi, dada?"

"Sijui, Bi Luan," Suhe akasema. Na ndivyo ilivyokuwa, hakujua.

"Mama yako ameondoka mwezi uliopita. Hadithi hii ilipaswa kuwa nzito zaidi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi. Sikuandiki vibaya. Mkutano wa mwisho wa mwaka utasimulia mbele ya Kaka Mkubwa mwenyewe, tutaona."

Kaka Mkubwa ni Fei, mwenye kampuni. Huitwa hivyo na wote, hata na waliomzidi umri, kwa sababu mwenzako ni damu.

Jikoni hakuna siri. Ge, mkata nyama, alimfuata Suhe mlango wa nyuma na kipande cha tangawizi. "Fundi Bian, shika hii. Ukifika kwenye mvua, jipake chini ya jicho. Utalia mpaka Kaka Mkubwa akuombe msamaha."

"Niache, Ge."

"Haya, haya! Seremala anauza mbao, tangawizi hataki! Basi nikukanyage mguu?"

Wasichana wakacheka. Suhe naye akacheka, au alitoa sauti ya kicheko, akarudi ndani kubadilisha chungu cha meza ya dirishani. Usiku kitandani alijaribu kumkumbuka mama yake kwa makusudi ili alie. Akaona koti la sikukuu. Akaona ngazi ya basi. Akalala usingizi.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa hoteli kubwa, wiki moja kabla ya mwaka mpya, matawi yote ya jimbo la Henan, meza za duara, mataa. Jina la Suhe likaitwa. Alipopanda jukwaani akakuta kiti, na mbele ya kiti beseni la mbao lenye maji, mvuke unapanda. Hakuelewa. Meneja Dou alikuwa na kipaza sauti, na uso unamng'aa kwa jambo jema alilolifanya.

"Ndugu zangu, dada yetu Bian mwaka huu amempoteza mama," Dou akasema. "Hana tena miguu ya mzazi ya kuosha kwa heshima, kama mtoto mwema afanyavyo. Lakini wema kwa mzazi ni mto, haukatiki. Leo Dada Bian hatasimulia. Tumemletea mtu."

Akaingia Xinmiao. Sare ya shule, nywele zimebanwa, mashavu mekundu ya baridi ya milimani. Dou alikuwa amemfuata kwa gari lake mwenyewe, akamwombea ruhusa kwa mwalimu, akamnunulia viatu vipya. Yote haya kwa siri, ili mama ashtuke, na mtu akishtuka hulia. Ndivyo Dou alivyofikiri, na wala hakufikiri kwa ubaya.

Suhe akakaa. Xinmiao akapiga magoti, akamvua mama yake viatu, kisha soksi, akatia miguu yake majini. Mtu akashusha kipaza sauti karibu na mdomo wa msichana. Xinmiao akatazama ile miguu. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, mpaka Dou akaanza kumnong'oneza maneno.

"Miguu hii siijui," Xinmiao akasema.

Dou akaacha kunong'ona.

"Ya bibi naijua. Kidole chake kidogo kilipanda juu ya mwenzake, hakikutaka kukaa chini. Kisigino kilipasuka, nilikitia mafuta ya kondoo. Maji yakiwa moto mno hakusema, alivuta pumzi tu, nami nikajua niongeze ya baridi. Tulikaa jikoni kila Jumapili. Miguu ya bibi ningeitambua hata gizani." Akashika kisigino cha mama yake, akakigeuza kidogo kama anayetafuta kitu kilichoandikwa hapo. "Hii ndiyo mara ya kwanza naiona hii. Ina sugu nyingi. Sijui inapenda maji ya namna gani."

Akaanza kulia. Si kilio cha jukwaani, pua ilimtoka makamasi akayafuta kwa mkono wenye maji. Ukumbi mzima ukaangua kilio. Wanaume wazima, mameneja, walilia juu ya karanga zao. Kaka Mkubwa Fei alisimama, miwani mkononi, akageukia ukuta.

Na Suhe? Aliona kwamba maji yalikuwa vuguvugu, mazuri. Aliona meza ya upande wa kulia haina chai. Alisikia kila neno la binti yake, akayaelewa yote, na alijua, kama mtu anavyojua mvua inanyesha upande wa pili wa dirisha, kwamba neno lile linamstahili na lilipaswa kumchoma. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zilikuwa za moto. Ndipo watu wakapiga makofi, na Bi Luan akawa wa kwanza kusimama.

Tawi la Songxian akapewa usiku ule ule.

Walikaa wawili kwenye korido ya nyuma, karibu na mikokoteni ya vyombo, Suhe akivaa soksi zake.

"Dou alikufundisha maneno?" akauliza.

"Alinipa karatasi. Nilipoona miguu nikaisahau."

"Amekununulia viatu."

"Vinabana."

Suhe akafunga kamba za viatu vyake, akafungua, akafunga tena. "Nimepata nyumba Songxian. Iko karibu na soko, dakika chache kutoka shuleni kwako. Jumapili, na siku nyingine ukitaka. Utakaa na mimi?"

Xinmiao alifikiri kweli. Hakuwa mtoto wa kusema ndiyo ili akufurahishe. Bibi hakumlea hivyo. "Nitakaa," akasema. "Ila kuna jambo moja."

"Sema."

"Ya leo usiisimulie. Zile mbao simulia, bibi mwenyewe aliniambia alikuruhusu, alicheka mpaka akakohoa. Lakini ya miguu ni yangu."

"Watu wote ukumbini wameisikia."

"Wameisikia kwangu. Sitaki waisikie kwako."

"Sitasimulia."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Wakahamia baada ya sikukuu ya taa, inayofunga sherehe za mwaka mpya. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Jumapili ya kwanza walikula kama wageni waliokutana ndani ya treni. Suhe alimwongezea mtoto mboga kila alipopunguza bakuli, akamjazia chai kabla haijaisha, mpaka Xinmiao akaweka vijiti chini: "Mama, mimi si meza ya dirishani." Suhe akasema samahani. Jumapili ya pili Xinmiao akamwonyesha jinsi bibi alivyokuwa akikanda unga wa tambi, kwa ngumi na si kwa kiganja, na akamcheka, "Hee, meneja mzima hujui kukanda!" Ya tatu aliacha soksi chafu katikati ya chumba, akaenda shule bila kuzigusa, kama mtu aliye kwao. Suhe aliziokota akakaa nazo kitandani. Angekuwa na furaha ndani yake siku zile, angefurahi. Alijua tu kwamba jambo linakwenda linakotakiwa, na kwamba akiwa na subira hata yeye mwenyewe huenda akafika.

Tawi likafunguliwa mwezi wa pili. Wafanyakazi wapya thelathini hivi, watoto wa milimani, wamepanga mistari barabarani na aproni zenye mikunjo ya dukani. Saa nne. Bi Luan amekuja kutoka makao makuu na mkoba wake wa kitambaa. Mlango umefungwa utepe mwekundu.

Suhe akatoka mbele akasimulia mbao za jeneza. Akasimulia zote, na mvua yake. Lakini hawa walikuwa watoto wa Songxian; kila nyumba yao ina mbao ghalani, na babu zao waliuza na kununua mbao kwa sababu mia. Mmoja akapiga miayo, mwingine akaminya chunusi. Suhe akafika "wewe ndiye utakayeamka," akasubiri pale, pakavu. Akamwona Bi Luan akiinamisha kichwa, kwa huruma.

Nimeshawahi kuwauliza watu waliokuwepo. Wote wanasema hakusita. Alivuta pumzi tu, akaweka mikono mbele ya aproni, akasema, "Nina binti. Nilimwacha kwa bibi yake akiwa bado hajaota meno yote." Sauti ilikuwa ile ile ya kawaida. Akaendelea. Kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Mafuta ya kondoo. Alipofika "Miguu hii siijui," chozi likadondoka jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha hayakuwa tena mawili. Yalimwagika. Mdomo ukampinda, akashika bega la msichana wa mstari wa mbele, akatoa kilio kile ambacho shangazi zake walikisubiri mwezi wa kumi, kirefu, cha kutoka tumboni, "Mama we! Mama yangu we!" Wale watoto wote thelathini wakalia naye. Bi Luan akamkumbatia akimpiga piga mgongoni, akisema, "Ndiyo hiyo, dada, ndiyo hiyo, umerudi." Na kweli alikuwa amerudi. Alisikia baridi ya asubuhi, harufu ya mchuzi, maumivu ya kumpoteza mama yake, yote kwa pamoja, na akawa na furaha ya mtu aliyetokwa na ganzi ya mkono.

Ilimchukua mpaka jioni, akihesabu viti, kutambua alichokifanya. Na kufikia hapo msichana mmoja wa mstari wa nyuma, kwa mapenzi tu, alikuwa ameshairusha mtandaoni video aliyoichukua kwa simu yake, na mji wa Songxian ni mdogo.

Jumapili akapika sambusa za kuchemsha, za nyama ya kondoo na vitunguu vya majani, unga ameukanda kwa ngumi. Saa sita ikapita. Saa nane akazitia ndani ya bakuli lenye mfuniko, akalifunga kwa taulo, akaenda shuleni kwa miguu.

Mlinzi wa lango akaita bwenini. Xinmiao akashuka, koti juu ya mabega, akasimama ng'ambo ya vyuma vya lango.

"Mwanangu," Suhe akasema. "Mwanangu, sikukusudia. Ilinitoka. Nilikuwa sijalia tangu bibi yako aondoke, sikuwa nasikia kitu chochote, nawe ulijua, uliniona siku ile. Sasa nasikia. Naapa nasikia."

"Nimeiona," Xinmiao akasema. "Bweni zima wameiona. Wananiambia nina bahati kuwa na mama anayenipenda namna ile."

"Na wewe unasemaje?"

Xinmiao akatazama chini, akatazama viatu vya mama yake. "Mimi nisemeje? Ishakuwa yenu."

Suhe akapitisha bakuli katikati ya vyuma. Hakujua afanye nini kingine. Xinmiao alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema asante sana, akamwambia asichelewe, barabarani kuna barafu. Aliyasema kwa adabu yote, kama mtu anavyomwambia mama wa mwenzake. Kisha akapanda ngazi za bweni bila haraka.

Suhe alilia pale langoni, na safari hii aliyafuta. Mlinzi akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayetaka aitiwe. Akasema hapana, akarudi mkahawani, maana Jumapili jioni meza hujaa mapema.